ZEBAKI YA MGODINI IMEINGIA BAFUNI MWETU



  



Katika ukurasa huu wa maoni tumezoea kuzungumzia mahudhurio, ada na nidhamu ya vijana. Mwaka huu tumeonelea tuseme juu ya jambo lililo karibu nasi zaidi kuliko hayo. Limo kwenye kisahani cha sabuni, mbele ya kioo cha chumbani na pembeni mwa choo. Ni kemikali zenye madhara ambazo tunajipaka, tunaogea na kusafishia nyumba zetu, na nyingi tunazinunua kwa pesa tuliyoitafuta kwa jasho.

Swali la darasani

Tulikuwa tunasoma mlango wa twahara katika darasa la fiqhi. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono, akauliza: "Ustadhi, mtu akijipaka mkorogo, udhu wake unasihi?" Wenzake wakacheka. Tulimjibu kuwa mafuta yasiyozuia maji kufika kwenye ngozi hayaharibu udhu. Jibu lilikuwa sahihi, tukaendelea na somo.

Wiki iliyofuata binti yule alikuja na boksi tupu la sabuni ya kuogea. Alikuwa amelisoma kwa makini kuliko sisi walimu wake tulivyowahi kusoma boksi lolote la sabuni. Ubavuni palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza yanayomwonya mtumiaji asiiache sabuni hiyo iguse vito vya dhahabu na fedha. Akauliza tena: "Kwa nini sabuni iogope dhahabu?"

Baba yake binti huyu ni mchimbaji mdogo. Mtoto amekulia karibu na mwalo, kwa hiyo jibu alikuwa nalo, ila alitaka tulitamke sisi wakubwa. Kitu kinachoing'ang'ania dhahabu ni zebaki. Na sabuni ile ilikuwa ya mama yake, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito.

Hapo ndipo tulipofahamu kuwa siku ile tulimjibu nusu ya swali. Tulimwambia kama maji yanafika kwenye ngozi, hatukumwambia ni kitu gani kingine kinachofika. Makala haya ni nusu iliyobaki.

Zebaki tunaijua

Sisi watu wa Tarime na Serengeti hatuhitaji kuelezwa zebaki ni nini. Nyamongo na pande za Majimoto vijana wetu wanaishi nayo kila siku. Mawe hutolewa kwenye maduara, yakasagwa kwenye makarasha, unga ukaoshwa mwaloni, kisha ikatiwa zebaki. Zebaki hukusanya chembe za dhahabu zikawa donge moja la rangi ya fedha. Donge hubanwa kwenye kitambaa, halafu huchomwa motoni. Zebaki hupaa kuwa mvuke, dhahabu ikabaki.

Lakini mvuke ule haupotei. Aliyesimama karibu anauvuta, mke anayepika jirani anauvuta, na mtoto aliye mgongoni anauvuta. Unaobaki huanguka juu ya udongo na maji, na mvua huupeleka mtoni. Kwenye matope ya mto na ya ziwa vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina nyingine iliyo kali zaidi, ikaingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia kwa mlaji.

Ulimwengu ulilijua jambo hili kwa msiba. Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kimoja cha kemikali kilimwaga baharini maji machafu yenye zebaki kwa miaka mingi. Mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa rasmi. Watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona, kusikia na kutembea, na watoto walizaliwa na ulemavu ilhali mama zao walionekana wazima. Kwa kumbukumbu ya mji huo, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki unaitwa Mkataba wa Minamata. Tanzania iliutia saini mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020.

Katika miaka ya 1990 daktari wa Kijapani, Masazumi Harada, ambaye aliutumia umri wake kuwachunguza na kuwatetea wagonjwa wa Minamata, alifika na wenzake katika kanda hii ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Walipima nywele za wachimbaji wa dhahabu, za wavuvi na familia zao, na za baadhi ya wakazi wa mji wa Mwanza. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Kila mtu angetarajia kuwa wenye zebaki nyingi kuliko wote wangekuwa wachimbaji. Haikuwa hivyo. Miongoni mwa waliokutwa na kiwango kikubwa mno walikuwamo watu wa familia za wavuvi na watu wa mjini, ambao hawakuwa wachimbaji. Watafiti walipotafuta sababu, walielekeza kidole kwenye sabuni za kuogea zenye zebaki. Mwaka 2001 wakachapisha taarifa nyingine juu ya Kenya, nako wakazitaja sabuni za kung'arisha ngozi.

Tafakarini jambo hili, ndugu wasomaji. Tunawahurumia vijana wa mwaloni kwa kazi yao ya hatari, ilhali mtu anayeoga kwa sabuni ya namna hiyo asubuhi na jioni anaweza kubeba zebaki mwilini kuliko wao.

Inafanyaje kazi?

Rangi ya ngozi zetu hutokana na kitu kinachoitwa melanini. Allah (s.w.) ameiweka ili itukinge na jua kali la nchi zetu. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze melanini, na ndiyo maana mtu huanza kung'aa baada ya wiki chache. Huo mng'ao anaousifu ni kinga iliyovunjwa.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa sabuni za namna hii huwa na mchanganyiko wa zebaki kiasi cha asilimia 1 hadi 3, na krimu huweza kuwa na asilimia 1 hadi 10 ya mchanganyiko wa zebaki. Kiwango ambacho Mkataba wa Minamata ulikiweka kuwa mwisho kwa vipodozi kilikuwa sehemu 1 katika sehemu 1,000,000. Asilimia 1 ni sehemu 10,000 katika hizo 1,000,000. Wanafunzi wa hesabu wapige wenyewe: sabuni hiyo imevuka mpaka kwa maelfu ya mara. Na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba hata mpaka huo uondolewe, kipodozi kisitiwe zebaki hata kidogo.

Zebaki ikipita kwenye ngozi huingia kwenye damu na kuumiza figo. Mtu huvimba uso na miguu, mkojo ukawa na povu. Huumiza pia mishipa ya fahamu: mikono ikatetemeka, usingizi ukakatika, kumbukumbu ikapungua, hasira zikazidi. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Na hata asiyejipaka hajasalimika, kwa kuwa zebaki hubaki kwenye taulo, shuka na mito, ikapaa kidogo kidogo ndani ya chumba. Mtoto anayelala na mama yake huivuta usiku kucha.

Zebaki haiko peke yake. Iko haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi ya kibuluu usoni, yasiyotoka hata kwa dawa. Mtu aliyetaka weupe akapata weusi asioutaka, mahali asipopataka. Ziko pia dawa za ngozi za jamii ya steroidi, ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa maalumu na kwa siku chache. Sisi tunazichanganya na losheni tukazipaka mwili mzima miaka na miaka. Ngozi huwa nyembamba kama karatasi, michirizi ikajitokeza, kidonda kikakataa kupona, na mwili ukaweza kupata kisukari na shinikizo la damu. Vijana mtaani hutania kuwa fulani usoni ni Fanta, miguuni ni Coca-Cola. Utani huo unachekesha mpaka siku mtu huyo anapohitaji kushonwa baada ya upasuaji.

Sheria ipo, mbona bidhaa zipo?

Wengine husema: "Kama ingekuwa mbaya, serikali isingeruhusu." Ukweli ni kwamba serikali haijaruhusu. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku nchini Tanzania. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, ikaundwa mamlaka ya TFDA, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi imehamia kwa Shirika la Viwango, yaani TBS. Jirani zetu wa Kenya nao walipiga marufuku tangu mwaka 1998.

Lakini sisi tunaishi mpakani. Sirari na Isebania ni kama mtaa mmoja, na njia za panya kila mmoja anazijua. Boksi linaingia kwenye mfuko wa rambo, linapita juu ya pikipiki, jioni liko Tarime na kesho yake liko Mugumu. Askari hawawezi kukagua kila mfuko. Mkaguzi wa mwisho ni yule anayefungua pochi dukani.

Piko, wanja na hina

Tusidhani kuwa mkorogo ni wa wengine na sisi watu wa dini tumesalimika. Yako mambo yanayopita kwa jina la mila na hata la sunna.

Hina ya majani ni kitu kizuri kilichotumika tangu zamani. Ila siku hizi harusini na siku za Idi tunataka michoro myeusi, na inayokolea kwa dakika chache. Weusi ule hautoki kwenye majani ya mhina. Ni piko, rangi ya kupakia nywele, ambayo ndani yake hukutwa kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Kwenye maboksi huandikwa kwa kifupi PPD. Huweza kuunguza ngozi ikatoka malengelenge na kuacha alama, na aliyeunguzwa mara moja mwili wake huweza kuikataa vibaya zaidi mara ya pili. Ikiingia mwilini kwa wingi huua. Huko Khartoum, Sudan, madaktari waliandika mwaka 1992 juu ya watoto waliopata sumu kutokana na mchanganyiko wa hina na kemikali hiyo, na baadhi yao walifariki. Kwa hiyo mama anayempaka binti wa miaka minne piko ili apendeze siku ya Idi, ajue anachokishika mkononi.

Wanja nao una hadithi yake. Kupaka wanja ni jambo lililojulikana kwa Mtume (s.a.w.), na wanja aliousifu ni ithmidi. Lakini poda nyingi zinazouzwa leo kwa jina la wanja au surma hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi, yaani madini ya ledi. Ledi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na mtoto hujifikicha macho kisha akatia vidole mdomoni. Kumpaka mtoto mchanga wanja usiojulikana umetoka wapi si sunna.

Na chooni je?

Mtume (s.a.w.) ameufanya usafi kuwa sehemu ya imani, na sisi tunajitahidi. Ila wapo wanaoamini kuwa dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Humwaga dawa ya madoa, ambayo wengi tunaiita jiki, kisha wakaongeza dawa ya choo yenye tindikali. Vikikutana hutoa hewa ya klorini, ya rangi ya kijani kibichi iliyofifia, inayochoma macho na mapafu. Hewa hiyo hiyo ilitumika kuwa silaha vitani Ulaya mwaka 1915. Jiki ikichanganywa na amonia nayo hutoa hewa ya sumu. Choo chetu kidogo kisicho na dirisha si mahali pa kufanyia majaribio hayo.

Hatari nyingine ni chupa. Sabuni ya maji, dawa ya choo na magadi ya kutengenezea sabuni huuzwa mitaani katika chupa za soda na za maji ya kunywa. Mtoto aliyetoka kucheza juani hasomi lebo, na mara nyingi hata lebo haipo. Magadi hayo huunguza koo na njia ya chakula kwa muda mfupi mno. Itokeapo mtoto amekunywa, msimtapishe, kwani kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Dini yetu inasemaje?

Katika Suratul Baqara, aya ya 195, Allah (s.w.) anatuhadharisha tusijitie wenyewe katika maangamizi. Katika Suratur Rum, aya ya 22, anatuambia kuwa kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni katika ishara zake. Anayeichubua rangi yake anaifuta ishara aliyoandikiwa na Mola wake. Na Mtume (s.a.w.) ametuwekea kanuni ambayo mafaqihi wameijengea masuala mengi, kwamba mtu asidhuru na wala asilipize madhara kwa madhara.

Katika hotuba ya kuaga alibainisha kuwa mweupe hana ubora juu ya mweusi, wala mweusi juu ya mweupe, isipokuwa kwa ucha Mungu. Bilal (r.a.), aliyechaguliwa kuadhini, alikuwa mweusi. Ummu Ayman (r.a.), mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume, alikuwa akiheshimiwa naye kama mama. Basi binti wa Kiislamu wa Tarime anajifunza wapi kuwa rangi aliyopewa ni kasoro?

Anajifunza kwetu, na hapa wanaume tusijifiche. Tunasimama mimbarini tukawalaumu wanawake wanaojichubua, kisha tukitafutia vijana wetu wachumba, swali la kwanza ni "Ni mweupe?" Kaka humtania dada yake mweusi mbele ya wageni na mzazi akacheka. Bwana harusi husifiwa kwa kupata "mzungu". Binti anasikia yote haya tangu mdogo. Siku akinunua krimu, anatii fundisho tulilomfundisha bila kujua. Maoni yetu ni kuwa lawama ianze kwetu.

Neno kwa wafanyabiashara

Hili ni zito kwetu kulisema. Jarida hili huchapwa kwa msaada wa wafanyabiashara wetu, Allah awalipe kheri. Na sabuni ile ya mama wa mwanafunzi wetu ilinunuliwa katika duka la mmoja wa wanaotusaidia. Tulimwendea kwa siri na kwa adabu. Alitupokea vizuri, akasema: "Nisipouza mimi atauza jirani, na wateja watavuka Sirari."

Tunafahamu ugumu wa biashara. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa kwa sabuni itakubaliwa pia kwa pombe, kwa kuwa nayo jirani anauza, na hakuna muuzaji hata mmoja miongoni mwao anayekubali kuuza pombe. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula akakuta chini pamelowa. Alimkemea muuzaji kwa kuficha kasoro, na akasema kuwa anayedanganya si katika wao. Kama kuficha nafaka iliyolowa kulimstahilisha mtu kemeo lile, itakuwaje kwa anayemuuzia mjamzito sumu ndani ya boksi lenye maua?

Tumekubaliana, walimu na kamati, kwamba tutaendelea kumuheshimu kila anayetusaidia, ila hatutanyamaza kwa sababu ya msaada. Madrasa inayonunuliwa ukimya wake haina cha kufundisha. Ndugu yule ametuambia kuwa akimaliza shehena iliyopo hataagiza nyingine. Tumemjibu kuwa shehena iliyopo nayo itapakwa na watu. Tunamwombea Allah amfanyie wepesi wa kuiondoa dukani, na sisi tuko tayari kumsaidia kuikabidhi kwa Bwana Afya.

Tufanye nini?

1. Tusome boksi kabla ya kulipa. Ukiona neno mercury, mercuric, calomel, au alama Hg, rudisha. Asiyejua kusoma Kiingereza amwite mwanafunzi wa madrasa.

2. Ikiandikwa kuwa bidhaa isiguse dhahabu, fedha au vito, ni dalili ya zebaki hata kama haikutajwa. Kisicho na orodha ya vilivyomo wala jina la mtengenezaji kiachwe.

3. Aliyekwisha kutumia asione haya kwenda hospitali na kusema kweli. Mkojo na figo hupimwa. Aliyetumia krimu za steroidi muda mrefu amuone daktari kwanza juu ya namna ya kuacha, kwani kuacha ghafla kuna matatizo yake.

4. Sabuni au krimu yenye zebaki isichomwe moto wala isitupwe mtoni au chooni. Ifungwe vizuri kwenye mfuko wa plastiki na kupelekwa kwa Bwana Afya.

5. Wachimbaji wasichomee zebaki jikoni wala uani. Wachomee mbali na makazi, kwa chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, na nguo za mwaloni zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

6. Dawa ya usafi moja kwa wakati mmoja, mlango ukiwa wazi. Zote zikae juu, mbali na watoto, na kamwe zisitiwe kwenye chupa ya soda.

7. Ngozi yenye afya haihitaji mengi. Sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, mafuta ya nazi au vaselini, na mtandio au kofia wakati wa jua kali vinatosha. Kwa mapambo, hina ya majani na subira.

Mwisho

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mama wa mwanafunzi wetu aliacha sabuni ile siku alipoelezwa. Alikwenda kliniki, akawaambia wauguzi ukweli, na wakamfuatilia mpaka akajifungua. Rangi yake ilichukua miezi kadhaa kurudi, na anasema kazi ngumu kuliko zote haikuwa kuacha sabuni, ilikuwa kuvumilia maneno ya mashoga zake waliokuwa wakimwambia "umefubaa". Basi tukikutana naye mlangoni akimleta binti yake, tumpe salamu na tumwambie amependeza. Hilo ni jambo dogo ambalo kila mmoja wetu anaweza kulifanya, kwa mkewe, kwa dada yake na kwa binti yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuzidishie siha, awalinde watoto wetu walio matumboni na walio mikononi, awape wafanyabiashara wetu riziki ya halali yenye baraka, na atujaalie kuridhika na umbo alilotuumba nalo. Amin.

Wabillahi tawfiq.